Wauzaji na watangazaji waache kuchanganya demo za Willie Nelson na rekodi za baadaye

Mhariri,

Kwenye vibanda vya kujazia flashi nyimbo hapa Nakuru na kule Kisumu, hukosi folda iliyoandikwa "Willie Nelson za mwanzo", yaani rekodi za awali za mwimbaji na mtunzi huyo wa kantri wa Marekani. Vipindi vya kantri vya wikendi navyo huchota humo humo, mtangazaji akitaja jina la wimbo na kusema tu kwamba ni wa kitambo. Ndani ya folda hiyo mmekorogwa vitu vinne tofauti: demo (rekodi za sampuli zisizokusudiwa kuuzwa) za mwaka 1961 hivi, rekodi za studio za 1961 hadi 1964, nyimbo zizo hizo alizoziimba upya kwa kampuni nyingine na kuzitoa 1965, na sauti yake ya zamani iliyokuja kupachikwa tarumbeta mwaka 1980. Msikilizaji anauziwa zote kama za mwanzo. Kuzitenganisha si kazi ngumu kwa anayejua pa kuangalia, na kutayarisha mkusanyiko wa maana kunawezekana hapa hapa kwetu.

Mchafuko huu una asili yake. Kabla ya kujulikana kama mwimbaji, Nelson aliziimba nyimbo zake kwa wenye mali mbalimbali. Rekodi ya kwanza aliitoa kwa gharama yake mwaka 1957 alipokuwa mtangazaji wa redio ya KVAN mjini Vancouver, ile Vancouver ya jimbo la Washington wala si ya Kanada. Upande mmoja una "No Place for Me", wa pili una "Lumberjack", ambao ni utunzi wa Leon Payne. Mwaka 1959 alikuwa Houston, Texas, akirekodi kwa D Records ya Pappy Daily. Humo ndimo zilimotoka "Man with the Blues" na "What a Way to Live". Daily alikataa kuitoa "Night Life" kwa kuwa masikioni mwake haikuwa kantri, ilikuwa bluzi. Nelson akairekodi na mpiga gitaa Paul Buskirk, ikatoka kwa lebo ndogo ya Rx kwa jina la Hugh Nelson, kwani jina lake kamili ni Willie Hugh Nelson. Anayeitafuta santuri hiyo kwa jina la Willie atakesha.

Wala jina la mtunzi kwenye lebo si ushahidi wa kutosha. Nelson alikuwa na njaa miaka hiyo. Aliuza haki za "Family Bible" kwa dola 50 na za "Night Life" kwa dola 150, hivyo mwimbaji Claude Gray alipoipandisha "Family Bible" kwenye chati mwaka 1960, watunzi waliotajwa walikuwa wengine kabisa.

Mwaka 1960 akahamia Nashville na kuajiriwa na Pamper Music kama mtunzi, kwa dola 50 kwa wiki. Demo nyingi zinazotusumbua leo zilizaliwa hapo. Demo haikutengenezwa kuuzwa. Ilikuwa sampuli ya kumchezea mwimbaji mwingine ili aukubali wimbo. Ndiyo maana haina namba ya kutolewa, na ndiyo maana kanda zake zilikuja kupita mikono mingi. Baadhi ni yeye na gitaa lake tu, nyingine zina bendi nzima, kwa hiyo kusema "haina ngoma, basi ni demo" ni kujidanganya. Mwaka 1961 demo hizo zilizaa matunda: Faron Young akaimba "Hello Walls", Billy Walker "Funny How Time Slips Away", na Patsy Cline "Crazy". Inafahamika kwamba Cline alisumbuka mwanzoni kwa sababu Nelson huchelewesha maneno, mdundo umetangulia yeye yuko nyuma. Ukitaka kujua kwa nini demo hizi zinastahili kusikilizwa peke yake, anza na uchelewaji huo. Kwenye demo uko wazi. Kwenye rekodi za studio mara nyingi umefunikwa na sauti za waitikiaji waliopangwa kuifanya kazi ilainike. Sisi tunaona waliilainisha kupita kiasi.

Kampuni ya rekodi ya Liberty walimchukua 1961. Albamu yake ya kwanza, "...And Then I Wrote", ilitoka 1962 ikiwa na nyimbo 12. Akapita Monument kwa muda mfupi mwaka 1964, kisha akaingia RCA, ambao mwaka 1965 walitoa "Country Willie: His Own Songs", nayo pia ya nyimbo 12. Sasa linganisha orodha mbili hizo: "Hello Walls", "Funny How Time Slips Away", "Mr. Record Man" na "Darkness on the Face of the Earth" zimo kote kuwili. Mtu akikupa faili ya "Hello Walls" bila maelezo, inaweza kuwa ya Liberty, ya RCA, au ya miaka mingi baadaye.

Kama unayo santuri yenyewe, anza na namba. Kwa Liberty, herufi LRP ni mono (sauti ile ile pande zote mbili) na LST ni stereo (sauti tofauti kushoto na kulia). Kwa RCA, LPM ni mono na LSP ni stereo. Ukiona herufi ndogo ya e ndani ya mabano baada ya namba ya RCA, hiyo ni stereo ya kubuni: wahandisi walichukua mono, wakaelekeza besi upande mmoja na sauti nyembamba upande wa pili. Tafuta nakala nyingine kama ipo. Ukijaribu kuirudisha mono kwa kuunganisha pande mbili, sauti hutoka na uvungu, kwa sababu pande hizo haziendi pamoja tena.

Kisha inamisha santuri kwenye mwanga uangalie sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na karatasi ya lebo. Kuna namba iliyochongwa. Kwa RCA ya enzi hizo herufi ya kwanza ya namba hiyo ni mwaka: P ni 1963, R ni 1964, S ni 1965, T ni 1966, U ni 1967. Herufi Q na V zilirukwa, msizitafute. Mwaka huo ni wa kutolewa namba, na kwa albamu una maana upande mzima ulipoandaliwa. Haukuambii siku kila wimbo ulipoimbwa.

Kwa faili tupu inabidi utumie masikio. Gitaa la Nelson linalojulikana dunia nzima, Martin N-20 aliyoipa jina Trigger, alilipata 1969. Lina nyuzi za nailoni na mlio wa duara usiofanana na wa gitaa la nyuzi za chuma. Ukilisikia likipiga solo kwenye faili, hiyo si rekodi ya 1961 hata ikiandikwa hivyo kwa wino wa dhahabu. Ukisikia kundi zima la tarumbeta na tromboni limezunguka sauti yake, kuna uwezekano mkubwa unasikiliza kazi ya 1980, pale RCA walipochukua sauti zake za zamani na kumpa Danny Davis na bendi yake ya Nashville Brass wazipambe upya. Hii ilikuwa biashara tu. Nelson alikuwa ameshapata umaarufu mkubwa tangu albamu ya "Red Headed Stranger" ya 1975, na kila aliyekuwa na kanda yake ya zamani aliitoa kabatini. Sauti ni ya kweli, muziki uliobaki ni wa watu wengine wa wakati mwingine. Kwenye mkusanyiko wa rekodi za mwanzo haina nafasi hata ya wimbo mmoja.

Jambo linalopuuzwa zaidi ya yote ni kasi. Kanda za demo zilinakiliwa kutoka mashine hadi mashine, na mashine moja ikikimbia kidogo, Nelson wa miaka 28 anageuka kijana wa 18. Kasi ikipanda kwa karibu asilimia 6, wimbo mzima hupanda nusu toni. Kupima kuna njia nzuri ambayo wengi hawaijui. Stima ya Marekani ni hezi 60 (mitetemo 60 kwa sekunde), na kwenye studio za zamani mvumo wake ulipenya mara nyingi hadi kwenye kanda. Fungua faili kwenye Audacity, programu ya bure, chagua kipande chenye utulivu kabla ya noti ya kwanza au baada ya ya mwisho, kisha chora wigo wa sauti (mchoro unaoonyesha nguvu ya sauti kwenye kila hezi) kwa ukubwa wa 65536. Kwa faili ya hezi 44,100 hilo linahitaji kipande cha angalau sekunde moja na nusu, na linakupa hatua za takribani hezi 0.7. Kilele kikisimama 60, kasi ni sawa. Kikisimama 63, kanda ilikimbia kwa asilimia 5, na dawa yake ni kupunguza kasi kwa asilimia 4.76. Angalia pia eneo la 180, ambako kosa hujionyesha mara tatu: kwa kanda hiyo hiyo utakuta 189.

Kuna mitego miwili hapo. Wa kwanza, ukiona kilele cha 50 au 100, huo ni mvumo wa stima yetu ya Kenya ulioingia kwenye vifaa vyako mwenyewe wakati wa kunakili, usiutumie kupimia chochote. Wa pili, ukiona 60 na 63 kwa pamoja, ule wa 60 huenda ni wa aliyenakili Marekani na ule wa 63 ndio wa siku ya kurekodi, kwa hiyo unaofuatwa ni wa 63. Mvumo usipoonekana kabisa, linganisha na piano iliyo kwenye wimbo, ukijua kwamba piano ya studio nayo ingeweza kuwa imelegea kidogo. Na unaporekebisha, badilisha kasi yenyewe. Chombo kinachobadilisha mwendo bila kugusa toni kitakuachia sauti ile ile ya kitoto ikiimba polepole.

Anayenakili kutoka santuri aanze kwa kuiosha. Maji ya kisima ya Nakuru yana madini mengi, yakikauka huacha chembe ndani ya mifereji na kila chembe hulia. Nunua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta, yale ya kuongezea, na usome chupa vizuri maana asidi ya betri huuzwa rafu hiyo hiyo. Lita moja, matone mawili au matatu ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato, kitambaa laini, ukifuata mifereji kwa mzunguko bila kulowesha lebo. Suuza kwa maji yale yale yasiyo na sabuni na uisimamishe kivulini ikauke. Santuri za zamani za mizunguko 78 usiziguse kwa spiriti, huyeyuka.

Santuri ndogo za Marekani za mizunguko 45 zina tundu la milimita 38. Weka kiziba chake cha katikati, usikadirie kwa macho, kwa sababu ikikaa pembeni kidogo sauti itapanda na kushuka kila mzunguko na hakuna programu itakayokuokoa kwa urahisi. Sindano ya mikroni 18 hufanya kazi, ila kwa mono za miaka ya hamsini ya mikroni 25 hukaa vizuri zaidi mferejini na mara nyingi hupita juu ya uchakavu ulioachwa na sindano mbovu. Ile ya 78 ni ya mikroni 75 hivi, ukiiweka kwenye 45 unachimba. Uzito wa mkono ufuate maagizo ya mtengenezaji wa kichwa kinachobeba sindano. Kuupunguza ukidhani unaihurumia santuri ni kosa, kwani sindano huanza kurukaruka na kugonga kuta.

Kinanda cha santuri kichomekwe kwenye kikuzaji chenye sehemu ya santuri. Ukikichomeka kwenye tundu la maikrofoni utapata sauti nyembamba kama ya debe, kwa sababu besi hupunguzwa wakati wa kuchonga na kikuzaji hicho ndicho huirudisha. Rekodi kwa biti 24 na hezi 96,000, vilele visipite desibeli 6 chini ya mwisho. Hiyo ni megabaiti 34.6 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika mbili na nusu unakula megabaiti 86 hivi. Kwa santuri ya mono rekodi pande zote mbili kisha uziunganishe ziwe moja: kelele zisizofanana pande hizo hupungua kwa desibeli 3, na mngurumo wa mota hupungua pia. Milio ya kukwaruza itoe mmoja mmoja kwa mkono. Vichujio vya kuondoa kelele kwa pamoja ndivyo vimeharibu faili nyingi tunazouziwa. Huondoa mchakacho na kuondoka na pumzi ya mwimbaji, na kinachobaki husikika kama mtu anayeimba ndani ya tangi la maji.

Kwa kaseti, ambazo bado ni nyingi huku kwetu, tatizo kubwa ni kichwa cha mashine kuwa upande. Sauti inakuwa nzito na butu, watu wanadhani kanda imezeeka. Weka mono, chukua bisibisi ndogo, zungusha skurubu ya pembeni ya kichwa kidogo kidogo mpaka sauti ing'ae. Kila kaseti ina pembe yake, kwa hiyo rudia kwa kila moja.

Mpangilio ufuate tarehe ya kurekodi. Kufuata tarehe ya kutolewa kungetuweka mahali pabaya, maana demo za Pamper zilitoka rasmi miaka mingi baadaye. Mkusanyiko wa Sugar Hill wa 2003, "Crazy: The Demo Sessions", ni mfano mzuri wa kazi iliyofanywa kwa heshima, kanda zikiachwa zilivyo. Diski ya dakika 80 hubeba nyimbo 26 hadi 28 za miaka hiyo, zikiachana kwa sekunde mbili au tatu. Ukomo uwe 1964, kabla ya RCA. Usizilazimishe zote kuwa na ukubwa mmoja wa sauti. Demo ya gitaa moja ikipandishwa ifikie bendi, mchakacho wa kanda hupanda nayo.

Kila wimbo uwe na mstari wake wa maelezo: mtunzi, mwaka na mji wa kurekodi, kampuni, namba ya kutolewa au neno "demo", mono au stereo, ulinakiliwa kutoka nini, na kilichorekebishwa. Wanaosema huo ni urasimu wakumbuke wimbo wa "Chemirocha". Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi Wakipsigis huko Kapkatet wakiimba kuhusu kiumbe nusu mtu nusu paa, jina lake likitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini. Tracey aliandika mahali, lugha na majina ya waimbaji. Kwa maandishi hayo, miaka ya 2010 nakala kutoka ILAM, maktaba ya muziki wa Kiafrika iliyoko Afrika Kusini, ziliweza kurudishwa kwa jamaa za waimbaji. Santuri nyingi za magitaa ya Magharibi mwa Kenya za miaka ya hamsini na sitini hazina bahati hiyo, hata mwaka hazijaandikwa.

Kuhusu haki, sheria ya Kenya ya hakimiliki ya 2001 inailinda rekodi kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa, hivyo rekodi ya 1961 ilimaliza muda wake 2011. Utunzi ni jambo jingine: unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada yake, kwa hiyo anayeuza diski bado anadaiwa malipo ya mtunzi. Ulaya rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 ziko huru, na hiyo ndiyo sababu diski za bei rahisi kutoka huko hukomea ghafla 1962, kana kwamba Nelson alinyamaza. Marekani, kwa sheria ya 2018, rekodi za 1957 hadi mwanzoni mwa 1972 zimefungwa mpaka Februari 15, 2067. Ukipandisha mkusanyiko wako kwenye mtandao wa kule, usishangae ukiondolewa.

Tunaomba ukurasa wenu wa muziki uanze kuchapa kampuni na mwaka rekodi ilipotolewa kando ya jina la wimbo, na watangazaji wasome maneno hayo mawili hewani kabla ya kuupiga. "Hello Walls, Liberty, 1962" inachukua sekunde tatu.

Wakusanyaji wa santuri,
Nakuru na Kisumu